Mwalimu Mkuu Asiyeruhusiwa Kuona Alama

Jana asubuhi chuo kimoja hapa Maryland kilinishuku kughushi saini, na saini zenyewe ni zangu.

Fomu ya kumsajili binti yangu katika somo la takwimu la ngazi ya chuo, linalofundishwa mubashara mtandaoni, ilidai saini nne: ya mwanafunzi, ya mzazi, ya mshauri wa masomo na ya mwalimu mkuu. Namsomesha nyumbani, kwa hiyo nikaweka zangu tatu, naye akaweka yake. Simu ikalia nikiwa nakaanga maandazi.

"Naomba kuongea na mwalimu mkuu."

"Ndiye mimi."

"Saini yako inafanana mno na ya mshauri wa masomo."

"Huyo naye ni mimi."

Kimya. Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Na mzazi?"

"Yupo. Mafuta yanamrukia."

Akataka barua rasmi ya shule, yenye nembo. Nikachora nembo: kitabu, mwenge na matawi mawili ya mkarafuu. Mume wangu nikamteua bodi ya shule aipitishe barua. Akadai posho ya kikao.

Barua ilipokubaliwa, nikauliza nitaonaje alama za mtoto. Hapo nikatambulishwa kwa sheria ya faragha ya elimu ya mwaka 1974, na tangu jana naisoma kama riwaya. Mtoto akiwa sekondari, haki ya kuona kumbukumbu zake ni ya mzazi mpaka atimize miaka 18. Akishaingia chuo, hata akiwa na miaka 15, haki hiyo inahamia kwake. Chuo kinaweza kumwonyesha mzazi ikiwa bado mtoto anamtegemea kikodi, ila si lazima. Kwa hiyo binti yangu, ambaye bado namhimiza kupiga mswaki, ndiye wa kunipa kibali cha maandishi. Ameniuliza nakitakia nini.

Uhondo zaidi uko kwenye krediti. Somo moja linahesabika mara mbili: chuoni, na pia kwenye rekodi ya sekondari ninayoiandika mimi, mshauri, na kuisaini mimi, mwalimu mkuu. Lakini alama za chuo hazifutiki. Akivurunda akiwa na miaka 16, zitamfuata kila atakakoomba nafasi. Njia ya AP (Advanced Placement), masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari, ni tofauti: mwaka mzima unaamuliwa na mtihani mmoja wa mwezi Mei, alama 1 hadi 5, kisha kila chuo kinajipangia kitatoa krediti kwa alama ipi.

Matangazo ya madarasa ya mtandaoni nayo yana vituko vyake. Darasa la fasihi lililotangazwa la saa 1 jioni lilikuwa la saa za California. Kwetu ni saa 4 usiku.

Darasa "mubashara" la historia lilikuwa video: mwalimu alitutakia Krismasi njema mwezi Machi.

La kiti cha mtihani, hata hivyo, halinichekeshi. Mitihani ya AP hufanyikia shuleni, na shule huiagiza tangu Novemba. Mtoto anayesoma nyumbani hana budi kuomba kiti kwenye shule ya watu. Shule ya mtaani kwetu, inayoendeshwa pia kwa kodi ya majengo tunayolipa, ilijibu kwamba viti ni vya wanafunzi wake. Nyingine ikaniuliza kama mtoto alifukuzwa mahali. Hajafukuzwa popote. Amesoma, na anachoomba ni meza na msimamizi kwa asubuhi moja. Kodi yangu inapokelewa bila kuulizwa saini za nani. Mwanangu anaonekana mzamiaji.

Mzazi mwenzangu, usihadaike na picha za watoto wanaotabasamu mbele ya kompyuta. Uliza kama mwalimu yupo darasani kweli, saa zilizoandikwa ni za wapi, nani anasahihisha kazi, na chuo anachokitaka mtoto kinazipokea krediti hizo au la. Kama ni AP, kiti cha mtihani kitafute Septemba, na upate jibu la maandishi kabla hujalipa karo.