Gari Langu Linaogopa Giza

Gari langu linaogopa giza. Msicheke. Mchana linapanda na kuteremka mabonde yote kati ya Meru na Embu bila neno. Jua likishazama nyuma ya Mlima Kenya nami nikiwasha taa, linasahau gia. Linashika ya tatu na kuganda hapo hapo, uwe unapanda, uwe unashuka, huku kitaa kwenye dashibodi kikinikonyeza kama mhudumu wa baa aliyesikia mshahara umeingia.

Ukitafuta mahali pabaya pa kukosewa na gia, ni barabara hiyo. Kila mto unaotoka mlimani umejichimbia bonde lake, na lami haina budi kuingia na kutoka: Nithi, Thuci na ndugu zao wote. Usiku mmoja, tukijikokota kutoka Thuci kuelekea Runyenjes, tulipitwa na lori la ndizi. La ndizi! Utingo aliyelala juu ya mikungu alinipungia mkono, nadhani kwa huruma.

"Baba Kendi," mke wangu akauliza, "mbona mchana halina shida?"

Nikamwambia mambo ya giaboksi awaachie wanaume. Yashikeni maneno hayo, maana mimi mwenyewe natamani niyasahau.

Kwetu Meru gari likiugua, kila mtu ni daktari, na ugonjwa hufuata biashara ya daktari. Jirani anayeuza mafuta aliona mafuta yamechoka. Anayeuza betri aliona betri. Fundi wa Makutano alichungulia chini ya boneti, akahamisha miraa kutoka shavu la kulia hadi la kushoto, akatangaza kifo: "Giaboksi imekwenda, mwalimu. Tafuta nyingine iliyotoka Japani. 85,000." Nilimuuliza kama anapokea mbuzi.

Fundi wa pili alikuwa msomi, mwenye mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Aliichomeka chini ya usukani, ikatema kodi mbili. Ya kwanza P0753: umeme wa solenoidi ya gia una kasoro. Ya pili P0562: nguvu ya umeme wa gari zima iko chini. Ya kwanza ina spea ya kununuliwa. Ya pili haina. Basi mnajua aliyoitibu.

"Na hii nyingine?" nikauliza.

"Hiyo puuza, bosi. Gari si linawaka mara moja? Betri ni nzima."

Kweli lilikuwa linawaka kwa mguso tu. Nikalipa 14,000, nikawekewa solenoidi mpya, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Saa moja jioni nikawasha taa. Gia ya tatu.

Nilijifunza kwa gharama, nanyi someni bure. Gia za otomatiki husukumwa na mafuta yenye shinikizo. Solenoidi ni vali ndogo za umeme zinazoyafungulia mafuta hayo njia, zikingoja amri ya kompyuta. Umeme ukififia, vali hulegea. Kompyuta ikishtuka, huzizima zote na kukuachia gia moja ujikokotee kwenu. Kwa hiyo giaboksi yaweza kuonekana maiti kumbe ni nzima, ina njaa ya umeme tu.

Safari iliyofuata, tulipofika Embu, shemeji alinipeleka kwa fundi wake. Nilitarajia mzee mwenye muguka shavuni. Akatoka binti wa rika la wanafunzi niliowafundisha juzi, ovaroli imemzidi, mita ya umeme mkononi. Hakufungua boneti. Aliuliza kwanza:

"Huwa linasumbua lini, mwalimu?"

Lini! Wote walikuwa wameniuliza nina pesa ngapi. Kabla sijajibu, Mama Kendi alikuwa ameshafika: "Usiku."

"Na mvua ikinyesha?"

"Pia. Wipa zikianza tu."

Binti akashikisha mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye bodi ya gari, injini ikiunguruma. Volti 0.4. "Sasa washa taa zote, wipa na feni." Namba zikapanda hadi 3.8. Akatikisa kichwa. "Hapa haifai kufika hata nusu volti."

Akanieleza taratibu, kama mimi nifanyavyo na darasa la nne. Umeme hauendi tu. Lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni bodi yenyewe ya gari, kupitia waya wa athi. "Moto unakwenda vizuri, mwalimu, ila hauna njia ya kurudi." Starta ina waya wake mnene uliofungwa kwenye injini, ndiyo maana gari liliwaka bila shida. Lakini taa, feni na kompyuta ya gia vilikuwa vikigombania kijia kimoja. "Athi mbovu ni kama mtu mvivu. Akikaa tu, huoni kasoro. Mpe kazi."

Nilimtazama shemeji. Shemeji akautazama mlima.

Binti akatoa betri, akaufuata waya hadi kwenye bolti yake, akainua uso.

"Nani alipaka rangi hapa?"

Kimya. Mwezi wa Desemba, kabla ya kwenda Embu kwa ruracio, yaani mahari, ya mpwa wetu, niliona haya kwa kutu iliyokuwa chini ya betri. Nikanunua mkebe wa rangi nyeusi, nikafungua kila nati, nikapaka mpaka pakang'aa, halafu nikafunga waya wa athi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Hilo hata darasa la nne wanalijua.

Dakika tano za msasa. Shilingi 500. Mita ikasoma 0.1.

Usiku huo tulipanda kutoka Thuci kuelekea Chuka gia zikibadilika laini kama siagi. Nikazima redio nizisikilize. Hilo lilikuwa kosa, kwani kimya kilimpa Mama Kendi nafasi.

"Ile rangi ilikwisha?"

"Imebaki nusu mkebe."

Akatulia hadi tukavuka Nithi.

"Baba Kendi, tafadhali usiikaribie friji yangu."