Chagua Shida Yako

Mtu wa Dar es Salaam akiamua kwenda kupiga kambi Njombe na kupanda farasi milimani, mpango wake huanzia kwenye kofia. Kofia ikipatikana, yeye na wenzake hupangana nani atampiga nani picha, na farasi mwenyewe huachiwa Mungu. Mambo yakiharibika, husema ni bahati mbaya. Mimi nasema bahati inasingiziwa: balaa hilo limepangwa, tena kwa kikao na michango. Mwalimu Nyerere alitukumbusha kwamba kupanga ni kuchagua, na huku Nyanda za Juu Kusini unachochagua ni shida utakayoibeba.

Ushahidi wa kwanza ni kalenda. Uwanda wa Kitulo, ulio wilayani Makete mkoani Njombe, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua yake, ndiyo maana unaitwa Bustani ya Mungu. Lakini maua hayo hayachanui kwa kutazama likizo ya mtu. Huja na mvua, kati ya Novemba na Aprili, wakati hema linageuka kidimbwi na barabara za vumbi zinageuka uji. Anayekimbilia ukavu wa Juni na Julai anakutana na sakitu, ile inayounguza viazi shambani. Haitalionea haya hema lililonunuliwa kwa ajili ya ufukwe wa Kigamboni. Makambako yenyewe humpa abiria onyo mapema: akishuka kwenye njia panda ya Songea na kaptura yake, upepo humweleza yote, na bado kuna kilomita 60 hivi za kupanda hadi Njombe mjini. Wapo wanaojibu kwamba jiko la mkaa litawekwa ndani ya hema. Hapo mzaha unaishia, kwa maana gesi ya mkaa haina harufu na imeshaua watu waliolala usingizi mzuri.

Ushahidi wa pili ni farasi. Nitaambiwa kwamba Mufindi, katika mkoa jirani wa Iringa, wapo wanaopandwa na wageni. Ni kweli, ila farasi wa Mufindi hafiki Makete kwa kupigiwa simu. Mnyama wa kilo 400 hula kama kilo 8 za majani makavu kwa siku, hunywa ndoo kadhaa za maji, na akishuka mabondeni kwenye joto usubi humwambukiza virusi vinavyoua farasi. Mzigo wake unaofaa ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, yaani kilo 80, tandiko likiwemo. Ukijumlisha mpandaji, kitambi na sufuria la pilau, ni farasi ndiye anayestahili kulipwa.

Pingamizi kubwa ni kwamba hesabu nyingi huua raha. Lakini raha haijawahi kuuawa na blanketi la ziada. Huuawa usiku wa manane, watu wanne wanapogombania moja. Kwa hiyo kikao kianze na mwezi, kiende kwenye blanketi, kisha barabara, ndipo kimjadili farasi. Anayetaka maua akubali matope. Anayetaka ukavu aikubali sakitu. Na asiyetaka vyote viwili naye ana haki ya kuchagua: Bagamoyo ipo, na nauli yake ni ndogo.