Utukufu wa "Ni"

Usaili wa umahiri umesingiziwa mengi, na wanaousingizia hawajawahi kulala nao nyumba moja. Mimi nimeishi nao miezi minne hapa Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, tukigombea meza moja na taa moja ya sola. Leo nausifu, maana kuutukana nimechoka.

Kwa asiyeujua: chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, shahada peke yake haikufanyi mhandisi mtaalamu. Unafanya kazi chini ya msimamizi, wengi wetu kupitia ule mpango wa mafunzo wa miaka mitatu ulioanza 2003. Unajaza daftari, msimamizi anasaini, unaandika ripoti, kisha unakaa mbele ya wakubwa wa fani ueleze umefanya nini. Ulichosoma hakiulizwi sana. David McClelland wa Harvard aliandika mwaka 1973 kwamba tupime umahiri badala ya akili, na akili yangu ikashukuru.

Fadhila ndogo nazipitia mbiombio. Usaili unakondesha. Unakesha nawe bila kudai kahawa. Unawatuliza wanaokudai: mtu akikukuta unajieleza kwa ukuta, anaondoka na deni lake kimyakimya.

Lakini fadhila kuu ni silabi moja. Mkufunzi niliyemlipa kwa simu alinikatiza mara kumi na moja. "Usiseme tulijenga. Jopo litajiuliza, wewe ulikuwa wapi? Sema nilijenga." Wazee walituachia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usaili umewasahihisha: chema nacho kivae tai kijitembeze, tena kwa mpangilio wa hali, jukumu, hatua, matokeo. Kwa Kiingereza herufi za kwanza za maneno hayo zinaunda neno nyota. Kwa Kiswahili ni H, J, H, M, kama mtu aliyepaliwa na ugali.

Nikaanza mazoezi. Nilijenga kalavati. Nilichimba msingi. Nilimwaga zege. Jirani yangu, mzee aliyesomba mawe ya msingi huo kwa mkokoteni wa ng'ombe wake, akanisikia kutoka uani.

"Mwanangu, zege ulimwaga lini? Si ulikuwa umeshika kalamu?"

"Shikamoo, mzee. Ni kwa ajili ya usaili."

"Marahaba. Na mimi wanisaili basi, nilikuwa na ng'ombe wawili."

Kufikia wiki ya tatu silabi ilikuwa imeshaingia damuni. Gulioni nilipandisha bei ya ufuta. Kanisani niliimba, na kwaya nzima ikanigeukia. Usiku mmoja mvua ilianza kupiga bati, nikajikuta nimeshafungua mdomo kuidai.

Ajabu ni kwamba "nilifanya" yangu ya kweli, iliyo moja tu, mkufunzi aliniambia niiache. Vipande sita vya zege vya kupimia nguvu, kila kimoja kama kilo nane, nilivipeleka maabara Mbeya ndani ya gunia. Kondakta alinyanyua, akaguna, akanitoza nauli ya abiria mzima. Tunduma tulikwama nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, nami nimelipakata gunia, huku mama mmoja akinong'ona kwamba hayo ni madini. "Hiyo ni kazi ya tarishi," alisema mkufunzi. "Haionyeshi uongozi."

Vipande vitatu vilivunjwa siku ya saba, majibu yakaja mabaya. Nikampigia msimamizi: tusijaze kifusi nyuma ya ukuta wa kalavati, tusubiri vile vingine vya siku ya 28. Akajibu jazeni, uzinduzi ni Jumatatu.

Miaka mitatu, na amefika eneo la kazi mara mbili! Ya kwanza alikuja kuuliza njia ya kwenda Kamsamba. Ya pili ndiyo hiyo Jumatatu, akashika kipaza sauti: nilibuni, nilisimamia, nilihakikisha. Hakuhudhuria semina hata moja, na anaongea hivyo kama kazaliwa nayo. Mzee wa ng'ombe alikuwa kwenye jua, nje ya turubai. Hakutajwa, na malipo ya wiki mbili za mwisho alikuwa bado hajapewa.

Masika ukuta ukapata ufa wa kuingiza kidole. Hapo ndipo nikajua ujuzi wa bosi unapita "ni". Kwenye uzinduzi alisema nilijenga. Kwenye kikao cha bajeti, tulitumia. Kwenye barua ya kueleza ufa, walikosea.

Sasa kuna swali ambalo kila mtahiniwa anaambiwa ajiandae nalo: eleza kosa lililotokea kazini kwako na ulichukua hatua gani. Jibu ninalo, pamoja na tarehe, saa ya simu na karatasi ya maabara. Ila ukurasa huo wa daftari unahitaji saini, na mwenye saini ni yeye. Nilikaa nao usiku tatu. "Niliagizwa" nikakata. "Tulijaza" nikakata. "Alisema" sikuthubutu hata kuandika.

Mwisho niliandika: Ukuta ulipasuka.

Kurasa zote za nyuma alizisaini huku akiongea na simu. Huu aliusoma mara mbili, akatabasamu, akaniambia nimeanza kukomaa.