Heri Wenye Turubai
Nasikia huko Ulaya kuna watu wanauza nyumba, wananunua gari lenye kitanda na jiko, kisha wanazunguka dunia na watoto, na wanasifiwa kwa ujasiri. Jirani yangu wa zamani pale machimboni Kakola angecheka. Yeye hakuuza nyumba. Alikuwa na busara ya kutojenga.

Turubai moja, sufuria tatu, godoro lililofungwa kwa mpira wa tyubu nyuma ya bodaboda: familia imehama. Rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, ikisikika Mwakitolyo asubuhi, jioni mama ameshainjika maharage Mwakitolyo. Ikinong'onwa Nyarugusu, maharage yataivia Nyarugusu. Hata Wasukuma waliohama na ng'ombe wao walisubiri majani yaishe. Hawa wanasubiri simu tu.

Na elimu! Mtoto wa mjini anasoma shule moja miaka yote mpaka anaichoka. Huyu wa rashi ameshaonja madawati ya shule nne, na darasa la tatu amelisoma mara tatu, basi analijua barabara. Kemia anaisoma kwa vitendo: karai, mchanga wa mawe yaliyosagwa karashani, na tone la zebaki linalozunguka kiganjani kama gololi. Matajiri hulipia maabara.

Kuna wachokozi wanaouliza dhahabu yenyewe iko wapi. Ipo. Mwenye leseni kachukua fungu lake, mwenye duara la kuchimbia kachukua lake, mwenye karasha lake, na baba, mtu asiye na tamaa, kabakiwa na nauli ya kwenda rashi ijayo.