Sifa za Bati

Wanaoliita bati nyenzo ya maskini hawajawahi kutumwa hadiwea kulinunua. Tena hawajui kwamba lina nasaba. Mwaka 1829 mhandisi Mwingereza Henry Robinson Palmer, aliyehudumu kwenye gati za London, alipewa hataza ya chuma chembamba kilichotiwa mikunjo, na mikunjo hiyo ndiyo inayokifanya kisimame kidete badala ya kulegea. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukichovya katika zinki ili kutu isikile. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, ofisi zake na makao ya wafanyakazi wake yaliinuliwa kwa bati. Kwa hivyo anayesimama kwenye roshani ya ghorofa ya nane na kuyakunjia pua mapaa ya Kawangware anamkunjia pua nyanya yake.

Mimi ninalisifu kwa sababu ya jambo moja ambalo mawe na zege hayajaliweza: linawaruhusu mume na mke kuitengeneza nyumba yao wenyewe, Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, bila ramani, bila kibali, bila fundi. Wakenya waliohamia Minnesota watakueleza habari za chumba cha chini ya nyumba, kile ambacho huko wanandoa hukikamilisha kwa mikono yao wikendi baada ya wikendi. Wapime unyevu wa zege, wasimamishe fremu za mbao, wajaze pamba ya kuzuia baridi, wagonge bodi za jipsamu, wamsubiri mkaguzi aje aone nyaya. Mwaka unaisha na televisheni bado iko kwenye boksi. Gatina, huko Kawangware, hakuna chumba cha chini. Kuna chumba.

Chumba hicho ni futi kumi kwa kumi, kipimo ambacho Kawangware na Kibera walikubaliana bila kuitisha mkutano. Bati linakijua. Kipande cha mita tatu kikilazwa kinafika karibu ukuta mzima, na zile sentimita tano zinazopungua humezwa na nguzo ya kona. Watu wa Minnesota wanahitaji mashine ya leza kupata hesabu kama hiyo.

Wachukue wanandoa wa kawaida, wale wanaoitana Baba Watoto na Mama Watoto hata kabla ya mtoto wa pili kuja. Keteka, msimamizi wa ploti, amewapa ufunguo. Ukuta una matundu ya misumari ya wapangaji wote waliotangulia, na kila tundu linaingiza mshale wake wa jua. Mama Watoto anatoka dukani na katoni zilizokunjuliwa. Baba Watoto ameazima nyundo kwa jirani, ambaye naye aliiazima. Katoni hugongwa kwenye mbao za fremu kwa misumari midogo iliyopitishwa katika vizibo vya soda vilivyopondwa, maana msumari peke yake huichana katoni na kuiacha ikining'inia. Juu ya katoni hubandikwa magazeti kwa uji mzito wa unga wa ngano. Mwezi ukiwa mzuri, juu ya magazeti huja karatasi ya ukutani, na inayopendwa zaidi ni ile yenye picha ya matofali. Hapo ndipo utakapoona utu wa bati: halina wivu. Linasimama kimya nyuma ya picha ya ukuta mwingine na kuendelea kubeba nyumba.

"Baba Watoto, hiyo kona imeinama."

"Si kona, Mama Watoto. Ni nyumba."

Dari huwa shiti ya nailoni au magunia yaliyoshonwa pamoja, yakivutwa kutoka ukuta hadi ukuta ili kuzuia vumbi la kutu lisitue kwenye ugali. Matundu ya paa huzibwa kwa lami. Zamani yalizibwa pia kwa mifuko ya plastiki, lakini tangu Agosti 28, 2017, siku marufuku ya mifuko hiyo ilipoanza kutekelezwa, mfuko wa kuziba paa umekuwa adimu, nalo tundu limebaki bila mpinzani. Mwisho hutundikwa pazia katikati, na kuanzia hapo nyumba ina sebule na chumba cha kulala, jambo ambalo wenye ghorofa hulifanya kwa gharama kubwa na kelele nyingi za mashine.

Nimesikia watu wakilalamika kwamba bati lina joto mchana na baridi usiku. Malalamiko ya watu wasio na shukrani. Nyumba gani nyingine inakupa Garissa na Limuru kwa kodi moja, tena bila nauli? Mchana linakufukuza utoke ukatafute riziki. Alfajiri ya Julai linakuamsha kabla ya kengele ya simu. Mgeni akija hahitaji kengele ya mlango. Hugonga bati kwa sarafu na ploti nzima hujua kwamba fulani ana mgeni, na wengi hujua pia mgeni ni nani na amekuja kudai nini.

Katika ndoa ndipo bati linapostahili nishani. Ukuta wa mawe huwapa wanandoa faragha, na faragha ndiyo inayowapa nafasi ya kutukanana kwa kina. Nyuma ya bati ugomvi lazima usemwe kwa kunong'ona, na tusi likinong'onwa linapoteza nusu ya makali yake. Wakisahau wakapaza sauti, jirani atakohoa mara moja tu, kikohozi cha heshima, nao watajua kwamba kikao kimepata msikilizaji. Mvua ikianza, ugomvi huahirishwa moja kwa moja: hakuna anayesikia kitu. Nimewajua watu waliosuluhishwa na masika peke yake. Serikali ilipoleta mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013 ili majirani wafahamiane kwa ajili ya usalama, Kawangware walishangaa. Bati lilikuwa limeifanya kazi hiyo miaka mingi, bila semina.

Wala bati si kitu cha kuokotwa njiani. Katika miaka ya sitini na sabini wanawake wa Mkoa wa Kati waliunda vikundi vilivyoitwa vikundi vya mabati. Walifanya vibarua pamoja, wakachanga, wakaezeka nyumba ya mwenzao mmoja, kisha ya mwingine, hadi zamu ikazunguka na maji safi ya mvua yakaanza kuingia kwenye mapipa yao badala ya kunyonywa na nyasi. Na ukitaka kujua hadhi yake leo, tazama Uganda, ambako mwaka 2023 mawaziri watatu walifikishwa kortini, wakishtakiwa kuhusiana na mabati yaliyokusudiwa watu wa Karamoja. Sijasikia waziri aliyeshtakiwa kwa ajili ya makuti.

Kibera bati limepanda cheo. Kuta nyingi huko ni fito na udongo, nalo limekaa juu, likizuiwa lisipeperuke kwa mawe na matairi yaliyochakaa. Kazi ya wanandoa wa Lindi au Gatwekera basi ni kukandika. Mmoja anakanyaga udongo, mwingine anabeba mtungi, wote wawili wanapaka kwa viganja hadi ukuta ubaki na alama za vidole vyao, kisha lipu nyembamba ya saruji ifunike alama hizo kama fedha ipo. Mvua ndefu zikija, udongo wa chini humong'onyoka, na kazi huanza tena. Bati la juu linashuhudia yote na kuongeza tone moja hapa na pale.

Mwaka 2009 paa hilo lilipata umaarufu. Msanii wa picha Mfaransa anayejiita JR alifunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapo, zikiwa zimechapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji. Dunia iliona sanaa. Waliokuwa chini yake waliona kwamba mwaka huo hapavuji. Mwaka huohuo sensa ilihesabu Kibera watu 170,070, wakati wageni na hata wenyeji walikuwa wamezoea kutaja milioni. Ninalisamehe bati kwa kosa hilo. Ukilitazama kutoka juu, kutu yote ni moja, na ni vigumu kuhesabu watu kwa rangi ya paa.

Kuna sifa nyingine ambazo hutajwa kwa sauti ya chini. Nyaya za stima ya kuungiwa zikichunika, bati hukusalimu kwa mkono kabla ya mwenyeji, na si kila anayesalimiwa hivyo huinuka. Moto ukizuka, bati lenyewe haliungui. Kinachoungua ni katoni, magazeti, nailoni na uji wa ngano, yaani kila kitu ambacho mume na mke waliongeza kwa mikono yao.

Sifa kuu kuliko zote, hata hivyo, ni utiifu wake kwa mwenye ploti. Mpangaji akichelewesha kodi, landilodi hana haja ya kumwandikia barua: hupandisha kijana juu, hung'oa mabati mawili, na jua au mvua huchukua kesi. Mwaka 2020, katika miezi ya corona, wapangaji wa Nairobi walikutana na utiifu huo, wengine wakiachwa bila paa na wengine bila mlango. Ukuta wa mawe haujui kutumika hivyo.

Ndiyo sababu bati limedumu, na si kwa kuwa watu hawajui kujenga kwa mawe. Kibera ilitengwa kuwa hifadhi ya wanajeshi mwaka 1918, na ardhi yake kwa sehemu kubwa imeendelea kuwa ya serikali. Ni mwaka 2017 tu ndipo jamii ya Wanubi, iliyokuwapo huko tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, ilipopewa hati ya ekari 288. Landilodi asiye na hati hujenga kwa kitu kinachoweza kung'olewa, kwa sababu anajua kinaweza kung'olewa. Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha ile ya Ngong na ile ya Lang'ata, na kuta zilizokandikwa na kubandikwa magazeti zikalala chini asubuhi moja. Kawangware ploti nyingi zina hati za familia, nako bati linaondoka kwa njia ya heshima: mwenye ploti akipata mkopo, wapangaji hupewa notisi, na ghorofa huinuka mahali pale kwa kodi ambayo Baba Watoto hawezi kuilipa. Huko aendako atakuta futi kumi kwa kumi na matundu mapya.

Lakini mara nyingi hasara haisubiri tingatinga wala mkopo. Keteka hupita siku ya kudai kodi, huona dari, huona matofali ya karatasi, huona pazia na sakafu iliyotandikwa mkeka wa plastiki, na mwezi unaofuata nyumba hiyo imeongezwa mia tano kwa sababu sasa ni nzuri. Wanandoa wamepandishiwa kodi kwa kazi ya mikono yao wenyewe. Sheria ya kodi inayowalinda wapangaji iliwekewa kikomo cha nyumba za shilingi 2,500 kwa mwezi, na mia tano chache zinatosha kuitoa nyumba nje ya ulinzi huo.

Basi enyi wenye ploti wa Kawangware na Kibera, bati ni lenu na sifa zake zote nimewapa. Katoni, lami, mkeka na vizibo vya soda si vyenu. Mkiona nyumba imependeza, iacheni kodi ilipo, na wapangaji wakihama waacheni wang'oe walichokigonga.