Jinsi ya Kupatana na Pasi Inayotema Maji

Pasi ya mvuke inajua kuchagua siku. Wiki nzima inanyoosha mashati ya shule bila neno, halafu usiku wa kuamkia Idi, kanzu nyeupe imetandazwa mezani na watu watatu wanangoja zamu, ndipo inapotema tone la rangi ya chai kifuani, pale pale kila mtu atakapotazama. Lawama huanza hapo hapo: kwanza pasi, kisha aliyeiuza, kisha nchi iliyoitengeneza.

Mwongozo huu unaitetea pasi. Nyingi zinazotupwa jalalani au kupelekwa kwa fundi hazijaharibika hata kidogo. Zimefunguliwa maji kabla hazijashika moto, au zimejaa chokaa, au zimenyweshwa vitu ambavyo hata mbuzi wa mtaani angevigeuzia uso. Yote matatu yanatibika nyumbani, na mtu asiyejua kufungua parafujo anaweza kuyatibu.

Tuanze na moto, kwa sababu kesi nyingi huishia hapo. Ndani ya pasi hakuna birika linalochemka. Kuna tangi la plastiki lenye maji ya baridi, na chini yake vali ndogo inayoachia maji tone kwa tone yaangukie bamba la chuma lenye moto. Bamba likiwa limeiva sawasawa, tone hugeuka mvuke papo hapo na kutokea kwenye matundu. Bamba likiwa vuguvugu, tone hushuka kama lilivyo. Ni mambo ya chuma cha chapati: kirashie maji kabla hakijashika moto, yatatulia juu yake yakikutazama, kikishika, yanaruka kwa mlio na kutoweka.

Sasa tazama ile swichi ya kuzungusha yenye vidoti. Kidoti kimoja ni moto wa nyuzi 110 hivi, wa nailoni na vitambaa vyepesi vya aina hiyo. Viwili ni nyuzi 150, kwa polista, sufu na hariri. Vitatu ni nyuzi 200, kwa pamba na kitani. Mvuke unataka vidoti viwili kwenda juu. Ukinyoosha baibui kwa kidoti kimoja huku swichi ya mvuke iko wazi, umeagiza mvua nayo imekuja. Kwa nguo ya kidoti kimoja, funga mvuke kabisa. Kibanda chochote cha fundi wa vyombo vya umeme kinayajua mazungumzo haya:

"Fundi, hii pasi inavuja."

"Unaiweka kidoti cha ngapi, mama?"

"Kimoja. Naogopa kuunguza."

"Basi haivuji."

Fundi muungwana hasemi zaidi ya hapo na hadai hata senti. Dawa yake ni subira: tia maji swichi ya mvuke ikiwa imefungwa, isimamishe pasi kwa kisigino chake, weka moto unaotaka, na ngoja taa ndogo izimike. Ikizimika, hesabu mpaka thelathini, ndipo ufungue mvuke. Pumzi ya kwanza uipeleke kwenye kitambaa kibovu, kamwe isiwe kwenye kanzu, kwa kuwa matone yaliyolala njiani tangu juzi hutoka na pumzi hiyo.

Wako wanaofuata hayo yote na pasi bado inatema. Hao waulize umeme wao. Pasi ya wati 1,200 imeundwa kwa volti 230. Jioni, mtaa mzima ukiwasha kila kitu kwa pamoja, volti zinaweza kuporomoka. Zikifika 180, pasi hiyo haifanyi tena kazi ya wati 1,200; inabaki na 735 hivi, kwa sababu nguvu hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Itapata moto, lakini polepole, na kila ukibonyeza mvuke unalipoza bamba kuliko umeme unavyoweza kulipasha. Bonyeza mara moja, kisha vuta pumzi tano kabla ya kubonyeza tena. Kama kuna nafasi, piga pasi asubuhi na mapema au mchana. Nusu saa nzima ya pasi hiyo haizidi uniti 0.6 za Luku, kwa hiyo dakika mbili za kungoja moto haziwezi kumfilisi mtu. Waya mrefu mwembamba wa kuunganishia nao hula volti, na wenyewe hupata moto chini ya zulia ulikofichwa. Pasi ichomekwe ukutani.

Baada ya moto, maji, na hapa watu wa Pwani tuna mtihani wetu. Unguja na kisiwa cha Mombasa vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya mvua yakipenya udongoni hubeba hewa ya ukaa, hupata ukali kidogo, hulila jiwe polepole na kuingia kisimani yakiwa na chokaa iliyoyeyuka isiyoonekana kwa macho. Yakipashwa moto, hewa ile hutoka, chokaa hukosa cha kuishikilia, hubaki kama gamba jeupe. Kila mwenye birika la zamani amelikuta gamba hilo chini. Ndani ya pasi linafanya kazi yake gizani: linaziba matundu, linabana vali isifunge, mwisho linamomonyoka na kutoka pamoja na mvuke juu ya nguo. Visima vingi vya Dar es Salaam vina ubaya mwingine, chumvi yenyewe, ambayo huachwa juu ya bamba maji yakikauka na kuita kutu.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa ya maji unayotumia, tia vipande vidogo vya sabuni ya mche, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama, maji ni laini. Sabuni ikikataa povu na kuacha utando mweupe kama maziwa yaliyokatika, maji hayo ni magumu, na pasi yako inayala kila siku bila kulalamika.

Cha kufanya? Maji ya chokaa yachemshe, yaache yapoe na kutuama, kisha mimina yale ya juu taratibu na kuacha chini kilichozama. Sehemu kubwa ya chokaa itabaki kwenye sufuria. Njia hiyo haiondoi chumvi, kwa hiyo mwenye kisima cha chumvi akinge mvua: aiache mvua ya kwanza ioshe bati, akinge inayofuata, aichuje kwa kitambaa safi. Yapo pia maji yaliyotoneshwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Changanya nusu yake na nusu ya maji ya bomba, na pasi nyingi zitafurahi. Ila nasema hili kwa msisitizo wote nilio nao: soma maandishi ya chupa mwenyewe. Madukani "maji ya betri" yanaweza kuwa maji matupu, na yanaweza kuwa asidi ya salfuriki. Rangi ya chupa si ushahidi, na neno la kijana wa dukani si ushahidi. Chupa isiyosema wazi ndani kuna nini, iache rafuni.

Tumefika kwenye vinywaji haramu vya pasi, na cha kwanza ni marashi. Sisi tunapenda nguo inukie. Kanzu hufukizwa udi, kanga huwekewa asumini sandukuni, na heri iwe hivyo daima. Balaa huanza mtu anapokiona kile kimlango cha kutilia maji akawaza: nikitia marashi humu, mvuke wenyewe utanukia. Utanukia mara mbili, tatu. Halafu mafuta na rangi vilivyomo vitaungua juu ya bamba, vitakuwa lami, na Ijumaa inayofuata vitashuka kifuani kama doa la kahawia. Nguo ipige pasi kwanza, ikishapoa itundike, ndipo uifukize. Manukato yenye spiriti yasikaribie pasi ya moto hata kwa mnyunyizo, kwa kuwa spiriti hushika moto.

Kanji nayo ina mahali pake: kwenye beseni la maji ya mwisho, nguo ikishasuuzwa. Ukiitia kwenye tangi, inaiva mle ndani na kuwa gundi. Dawa ya kulainisha nguo, vivyo hivyo, ni ya beseni. Na ndimu, ambayo watu wengi huapa kwayo, ina sukari na nyama nyama zitakazoungua kama marashi yalivyoungua.

Pasi ikishajaa chokaa husafishwa hivi. Ijaze maji laini hadi alama ya juu, mvuke ukiwa umefungwa. Iwashe moto wa mwisho na ngoja taa izimike. Chomoa plagi ukutani. Usizime tu: chomoa. Ishike mlalo juu ya sinki, mkono mbali na matundu, watoto nje ya chumba. Fungua mvuke hadi mwisho, au bonyeza kitufe cha kujisafisha kama kipo, huku ukiitikisa mbele na nyuma. Itafoka, itakohoa, itamwaga maji ya moto yenye vipande vyeupe na vya kahawia. Mtu akiyaona anayotema, hatauliza tena madoa yalitoka wapi. Tangi likiisha, rudia kama maji bado ni machafu. Kisha iwashe tena ikiwa tupu na uipitishe juu ya shuka kuukuu mpaka ikauke. Kwenye nyumba yenye maji magumu na nguo nyingi, kazi hii ni ya kila wiki mbili.

Na siki? Siki nyeupe huyeyusha chokaa kweli. Mimina kidogo juu ya gamba la birika utaliona likitoa mapovu. Lakini vijitabu vya maelekezo vya watengenezaji wengi vinakataza kuitia ndani ya tangi, kwa sababu hula mipira na rangi ya kinga iliyomo. Mimi niko upande wa vijitabu. Itumie kwa nje: lowesha kitambaa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kitandaze juu ya sahani, lalisha juu yake pasi iliyopoa na kuchomolewa, iache nusu saa. Chokaa ya mdomoni mwa matundu italainika, uitoe kwa kijiti cha meno. Sindano na pini zinakwaruza bamba, na waya wa kusugulia masufuria unachuna ule utelezi wake, ambao ukitoka haurudi. Ukimaliza, ifute kwa maji, kisha itoe mvuke kwenye kitambaa kibovu kabla haijaigusa nguo ya mtu.

Doa likishatua kwenye nguo, usilipitishie pasi ukidhani litakauka na kupotea, moto hulifunga. Suuza mara moja kwa maji ya baridi. Likiwa la kutu kwenye pamba nyeupe, hapo ndimu inapata kazi yake: kamulia, nyunyiza chumvi, anika juani, suuza vizuri. Na kagua ufuaji pia. Nguo isiyosuuzwa ikaisha sabuni huacha sabuni hiyo juu ya bamba, ikaungua, kisha lawama zikaenda kwa maji.

Tabia moja ingezuia nusu ya haya: kumwaga maji kila ukimaliza. Tangi lililoachwa na maji usiku kucha, swichi ya mvuke ikiwa wazi, litavujia kabatini na kulisha kutu. Chomoa, mwaga maji pasi ikiwa bado na joto, funga mvuke, isimamishe kwa kisigino, na waya uuzungushe ikishapoa kabisa.

Kama mvuke umekataa baada ya yote, pasi bado ni pasi. Zile za mkaa zenye jogoo juu ya kifuniko hazikuwahi kuwa na tangi, na zilitoa suruali yenye mstari wa kukatia nyanya. Tandaza kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya nguo, bonyeza pasi kavu juu yake, inua, bonyeza tena. Mvuke utazaliwa pale pale unapotakiwa. Kwa suruali za sufu na majoho mazito, mimi naipenda njia hii kuliko tangi lolote.

Ila tangi lililopasuka, maji yanayotokea kwenye maungio ya mwili badala ya matundu, waya uliochubuka, harufu ya plastiki inayoungua, au pasi inayokutetemesha vidole ukiigusa: hapo usijaribu siki wala subira. Zima soketi kwanza, chomoa, usiiwashe tena. Fundi anaweza kubadilisha waya na kidhibiti joto. Tangi lililopasuka halizibwi kwa gundi, kwa kuwa maji yake yanatiririka sentimita chache kutoka kwenye umeme wa volti 230, na pasi hiyo ikatwe waya kabla ya kutupwa ili mtoto wa jirani asiiokote akaichomeka.