Yah: ombi la kutambua maturubai kuwa vifaa vya michezo

Mheshimiwa Mshauri wa Wanafunzi,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Awali ya yote, hongera kwa Jumamosi nyingine iliyofana. Bibi harusi alipendeza na muziki ulitufikia mpaka bwenini. Timu ya riadha ilipokwenda mazoezini ilikuta maturubai kutoka goli hadi goli. Mlinzi alituelekeza, kwa adabu zote, tukakimbilie barabarani na bodaboda.

Kila mwaka, mkiwakaribisha wanafunzi wapya, mnatukumbusha Moscow 1980: Filbert Bayi, medali ya fedha, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui, fedha, mita 5,000. Hadi leo nchi haijaongeza medali nyingine ya Olimpiki. Mnachoruka ni kwamba Nyambui wakati huo alikuwa mwanafunzi wa University of Texas at El Paso, ambako alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani wa mita 10,000 mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Huko nadhani sendofu hufanyika ukumbini.

Basi, kwa kuwa maturubai hayang'oki, yatambuliwe rasmi. Mbio za Bayi zina viunzi 28 na kuruka maji mara 7. Viunzi tunavyo: kamba za maturubai. Fundi azikaze tu zifike sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake, maana kwa sasa nyingine zinatukaba shingo. Maji nayo yapo, lile dimbwi la nyuma ya wapishi wanapomwaga maji ya masufuria. Mafuta ya pilau yanayoelea juu yatawasumbua hata Wakenya. MC atagonga kengele ya mzunguko wa mwisho baada ya keki, kabla ya zawadi. Wakwe wapangwe kwenye kona ya pili washangilie, na mshindi aketishwe meza ya mashangazi, apewe paja la kuku.

Tunaomba pia mpira mmoja, jezi zenye namba zinazosomeka, na basi lenye mafuta ya kwenda na kurudi.

Ada ya michezo tunalipa. Asiyelipa hasajiliwi, asiyesajiliwa hafanyi mtihani, na hapo mfumo wenu haujawahi kuwa chini hata siku moja. Mwenzetu amegongwa na bodaboda akikimbia kwa jina la chuo hiki, na bandeji tumechangishana wenyewe. Uwanja mmoja mmewauzia watu wawili, Mheshimiwa, na wote mmewakatia risiti. Mtaani mtu akifanya hivyo kwa kiwanja cha kujenga huitwa tapeli.

Tuwie radhi. Tulikuwa kwenye suala la kamba.

Tunasikia Jumamosi ijayo kuna kipaimara. Tutafika alfajiri kupima urefu, viti visije vikatutangulia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Nahodha, timu ya riadha

Nakala: Mpishi Mkuu (asizoe dimbwi)